Picha Hutangulia Kuhubiri: Nafasi ya Kiswahili katika Usanifu wa Michoro ya Mawasiliano ya Kanisa

Ikisiri

Makanisa ya Afrika Mashariki na Kati hutumia picha kwa wingi katika kuwasiliana na waumini: mabango ya mikutano ya injili, vipeperushi, slaidi za nyimbo, kalenda, vitenge vya sikukuu na picha zinazosambazwa kwa simu. Hata hivyo, picha hizo huchukuliwa kama pambo linaloongezwa baada ya ujumbe kukamilika, na maandishi ya Kiswahili huingizwa katika violezo vilivyobuniwa kwa ajili ya lugha nyingine. Makala haya yanashikilia kwamba picha husomwa kabla ya neno, na kwamba pale viwili hivyo vinapopingana, mtazamaji huondoka na picha. Kwa hiyo usanifu wa michoro ya kanisa ni kazi ya tafsiri, nayo inamhitaji mtaalamu wa lugha. Hoja hii inafafanuliwa kwa mifano mitatu ya picha za kimisionari, kwa uchambuzi wa umbo la maneno ya Kiswahili kwenye bango, na kwa mifano miwili ya ndani ya eneo letu: kanga na uchoraji wa Lubumbashi.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa makala haya alilelewa katika mji ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Shule ya Jumapili ilikuwa na picha moja kubwa, iliyokunjika pembe, ambayo mwalimu aliitundika ukutani: moyo wa mwanadamu wenye wanyama ndani yake. Kila mnyama alikuwa dhambi moja. Kobe alikuwa uvivu. Jioni ya siku hiyohiyo, nyumbani, bibi alisimulia hadithi ambamo kobe yuleyule aliwashinda wanyama wenye mbio na wenye nguvu kwa subira na akili. Hakuna mtoto aliyeuliza swali. Tuliyapokea yote mawili, kila moja mahali pake: kanisani kobe alikuwa mwovu, nyumbani alikuwa shujaa. Fundisho kuhusu uvivu halikudumu. Lililodumu ni fundisho jingine ambalo mwalimu hakukusudia kulitoa, yaani kwamba hekima ya bibi huishia mlangoni pa kanisa.

Kisa hiki kidogo kinabeba tatizo ambalo makala haya yanalichunguza. Mwalimu alisema maneno sahihi kwa Kiswahili fasaha. Picha ilisema jambo jingine, nayo ndiyo iliyokumbukwa. Maswali yanayotuongoza ni matatu. Kwanza, picha na neno hugawanaje kazi katika mawasiliano ya kanisa? Pili, ni nini hutokea picha inapotoka katika utamaduni mmoja na maneno katika utamaduni mwingine? Tatu, umbo la Kiswahili chenyewe linamdai nini msanifu wa michoro?

Lengo ni kufafanua, si kuwasilisha matokeo ya uchunguzi wa takwimu. Mifano iliyochaguliwa ni ile inayojulikana katika kumbukumbu za umma au ile ambayo msomaji anaweza kuikagua mwenyewe kwa kulitazama bango lolote lililobandikwa mtaani kwake.

2.0 Istilahi: sanamu, picha na taswira

Ni vyema kuanza na maneno yenyewe, kwa kuwa yana historia ndani yake. Katika Kiswahili cha zamani, neno *sanamu*, lenye asili ya Kiarabu, lilitumika kwa kinyago, kwa mchongo na hata kwa mchoro wa kitu au mtu. Neno hilohilo ndilo linalotumika katika Biblia ya Kiswahili pale ambapo amri inakataza kuchonga na kuabudu. Hivyo neno moja lilibeba mfano wa kitu pamoja na shaka kuhusu mfano huo.

Neno *picha*, lililotoholewa kutoka Kiingereza, liliingia likiwa halina mzigo huo. Liliambatana na karatasi, kitabu, kamera na gazeti. Kwa sababu hiyo, mkristo wa madhehebu yanayokataa sanamu anaweza kutundika picha sebuleni bila kuona kwamba amekiuka amri. Hapa lugha imefanya kazi ya kiteolojia kimyakimya: imetenganisha kitu kinachoabudiwa na kitu kinachotazamwa ili kufundisha.

Neno la tatu ni *taswira*, ambalo wataalamu wa fasihi wamelizoesha kwa maana ya picha inayojengeka akilini kutokana na maneno. Tofauti hii ni muhimu kwa mjadala wetu. Mhubiri hujenga taswira. Msanifu hutoa picha. Taswira ya kila msikilizaji hutokana na maisha yake mwenyewe, ilhali picha ni moja kwa wote. Pale msanifu anapoweka picha mbele ya msikilizaji, anamwondolea uhuru wa kujenga taswira yake. Hilo si kosa, lakini ni mamlaka makubwa, nayo yanahitaji uangalifu.

3.0 Misingi ya kihistoria na kinadharia

Kanisa limejadili picha kwa karne nyingi. Takriban mwaka 600, Papa Gregori wa Kwanza alimwandikia Askofu Serenus wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha za kanisani kwa kuhofia kuwa waumini wanaziabudu. Gregori alisifu bidii ya askofu katika kuzuia ibada ya picha, lakini akamkanya kwa kuziharibu, kwa hoja kwamba wasiojua kusoma husoma ukutani yale ambayo wenzao husoma vitabuni. Suala hilo lilizuka tena katika mgogoro wa picha katika Kanisa la Mashariki, na Mtaguso wa Pili wa Nisea wa mwaka 787 ukaruhusu picha ziheshimiwe bila kuabudiwa. Hata wakati wa Matengenezo ya Kanisa, Biblia kamili ya Martin Luther ya mwaka 1534 ilichapishwa ikiwa na michoro ya mbao kutoka karakana ya Lucas Cranach.

Hoja ya Gregori imerudiwa mara nyingi, na katika Afrika imetumika kuhalalisha picha kwa ajili ya watu wasiojua kusoma. Ina udhaifu mmoja. Inachukulia kwamba picha haihitaji kusomwa, kwamba mtu yeyote akiitazama ataelewa. Wanaisimu na wanasemiotiki wa karne ya 20 waliionyesha dosari hiyo. Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya picha, alieleza kuwa kila picha ina maana nyingi zinazoelea, na maneno huja kuitia nanga ili maana moja ishike. Aliongeza uhusiano wa pili, ambapo neno na picha hupokezana, kila kimoja kikisema kile ambacho mwenzake hakukisema, kama inavyokuwa katika hadithi za katuni. Gunther Kress na Theo van Leeuwen, katika kitabu chao cha mwaka 1996, walikwenda mbele zaidi na kudai kwamba picha zina sarufi yake: mahali kitu kilipowekwa, ukubwa wake, na upande ambao macho ya mtu aliyechorwa yanatazama ni sehemu za maana.

Kwa Mswahili, sitiari ya nanga haihitaji maelezo marefu. Chombo kisicho na nanga hakizami papo hapo. Huelea tu, na mkondo ukakipeleka unakotaka. Picha ya kanisa isiyotiwa nanga na neno linalofaa hupelekwa na mkondo wa utamaduni wa mtazamaji. Sehemu inayofuata inaonyesha mikondo hiyo mitatu.

4.0 Picha inapopingana na neno

4.1 Mlango

Aya ya 20 ya sura ya tatu ya Ufunuo inamwonyesha Kristo akiwa amesimama mlangoni, akibisha. Mchoraji Mwingereza William Holman Hunt aliichora aya hiyo kati ya mwaka 1851 na 1853, katika mchoro uitwao *The Light of the World*, uliopo Keble College, Oxford. Kristo ameshika taa usiku, mkono mmoja umeinuliwa kubisha, na mlango umezongwa na magugu. Mlango huo hauna kishikio upande wa nje: unafunguliwa kutoka ndani tu. Mchoro huu ulinakiliwa na kuigwa kwa namna nyingi katika kadi, vitabu na kalenda za Kikristo.

Mtaalamu wa tafsiri ya Biblia Eugene Nida, katika kitabu chake cha mwaka 1952, alieleza tatizo la aya hiyo miongoni mwa Wazanaki wanaoishi karibu na Ziwa Viktoria, nchini Tanzania. Kwao, anayebisha mlango kwa mkono ni mwizi anayepima kama mwenye nyumba yumo. Mtu mwema husimama na kumwita aliye ndani kwa jina, ili sauti yake itambulike. Tafsiri ya neno kwa neno ingemfanya Kristo mwizi.

Mfano huu hutajwa sana katika masomo ya tafsiri ya maandishi. Kisichotajwa ni upande wake wa picha. Mfasiri anaweza kubadili kitenzi, akaandika kwamba Kristo anaita. Lakini kama kwenye jalada la kijitabu hichohicho kuna mtu aliyesimama gizani akigonga mlango bila kufungua kinywa, picha imebatilisha kazi yote ya mfasiri. Katika eneo letu pana la Waswahili, desturi ni kupiga hodi: sauti hutangulia mkono. Mgeni husimama kando kidogo, husema "Hodi!", na hungoja "Karibu!" kabla ya kusogea. Picha ya mtu aliyenyamaza mlangoni usiku haimtangazi mgeni wa heri.

4.2 Moyo na wanyama

Picha ya moyo iliyotajwa katika utangulizi ina safari ndefu. Ilienezwa na Mjerumani Johannes Gossner katika kijitabu cha mwaka 1812 kilichoonyesha moyo wa mwanadamu ukiwa makao ya Mungu au karakana ya Shetani. Katika karne ya 20 kijitabu hicho kilichorwa upya kwa nyuso za Kiafrika, kikachapishwa Afrika Kusini na kutafsiriwa katika lugha nyingi za bara hili.

Kubadili nyuso lilikuwa jambo jema, lakini wanyama walibaki na maana zao za Ulaya. Tausi alibaki kuwa kiburi, kobe akabaki kuwa uvivu. Katika mapokeo ya Waswahili, tausi ni uzuri na heshima. Watu huwapa mabinti zao jina hilo kwa mapenzi. Kwa mtoto wa bara asiyewahi kumwona, tausi ni ndege asiye na maana yoyote mpaka aambiwe. Kobe naye, katika ngano za jamii nyingi za Kiafrika, ni mwerevu anayeshinda kwa utulivu. Hivyo basi mchoro uliovaa sura ya Kiafrika uliendelea kuzungumza Kizungu. Tunajifunza kwamba kuifanya picha iwe ya mahali fulani hakuishii kwenye rangi ya ngozi na mavazi. Ishara nazo zinahitaji kutafsiriwa.

4.3 Rangi

Mwaka 1866 mhubiri Charles Spurgeon wa London alihubiri kuhusu kitabu kisicho na maneno, chenye kurasa tatu tu: nyeusi kwa dhambi, nyekundu kwa damu ya Kristo, na nyeupe kwa utakaso. Baadaye uliongezwa ukurasa wa rangi ya dhahabu kwa mbinguni, kisha wa kijani kwa ukuaji wa kiroho. Kitabu hicho hutumika hadi leo katika kuwafundisha watoto, kama kitabu, kama shanga za mkononi, au kama mpira wa rangi nyingi.

Kwa mwanaisimu wa Kiswahili kuna jambo la kushangaza hapa. Rangi tatu za Spurgeon ndizo rangi tatu pekee ambazo Kiswahili kina vivumishi vyake vya asili vinavyochukua upatanisho wa ngeli: *-eusi*, *-ekundu* na *-eupe*. Rangi nyingine tunazieleza kwa kuzilinganisha na vitu, kama vile rangi ya kijani au ya dhahabu. Maana yake ni kwamba vivumishi hivi vitatu vina kazi nyingi na mizigo mingi. Tunasema *moyo mweupe* kwa unyofu, lakini nguo nyeupe ni sanda pia. Na kivumishi kinachoueleza ukurasa wa dhambi ndicho kinachomweleza mtoto mwenyewe: *ukurasa mweusi*, *mtu mweusi*. Mabadiliko ya kiambishi cha ngeli hayafichi mzizi uleule. Mtoto hahitaji kuambiwa kwa maneno. Sarufi imekwisha kumuunganishia.

Victor Turner, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu Wandembu wa Zambia, alionyesha kuwa nyeupe, nyekundu na nyeusi ni nguzo za mfumo mzima wa ishara, na kwamba nyekundu hasa ina sura mbili, ya heri na ya shari, kwa kuwa damu ni ya uzazi na ni ya uuaji. Rangi haiingii katika jamii kama ukurasa mtupu. Baadhi ya walimu wameamua kuuita ukurasa wa kwanza *giza* badala ya *nyeusi*. Badiliko hilo ni dogo, nalo ni badiliko la neno, si la picha; lakini limeihamisha maana kutoka kwenye ngozi hadi kwenye hali ya kukosa nuru. Nanga imesogezwa, na chombo kimekaa mahali pengine.

5.0 Maandishi ya Kiswahili kama picha

Hadi hapa tumezungumzia michoro. Lakini kwenye bango hata maandishi ni picha: yana umbo, uzito na nafasi. Hapa ndipo umbo la Kiswahili linapomdai msanifu mambo ambayo violezo vilivyotayarishwa kwa lugha nyingine havikuyatarajia.

5.1 Neno moja, sentensi nzima

Kiswahili ni lugha ambishi. Kitenzi kimoja kinaweza kubeba nafsi, njeo, mzizi na kauli. Tangazo la Pasaka, *Amefufuka*, ni neno moja lenye herufi 9. Sentensi ya Kiingereza yenye maana hiyo ina maneno matatu, nayo pia ina herufi 9. Msanifu anayetumia kiolezo cha mistari mitatu, neno moja kwa kila mstari, atakuta neno moja tu la kujaza nafasi tatu. Kinachofuata tumekiona sote: neno hukatwa ovyo, herufi hubanwa hadi zikakonda, au hupunguzwa ukubwa hadi aliye nyuma asione. Wengine huamua kuacha Kiingereza au Kifaransa kwenye bango, kisha husema kwamba Kiswahili hakipendezi kwenye michoro. Kosa si la Kiswahili. Kiolezo kilishonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Sifa hiyohiyo ya Kiswahili ni utajiri kwa anayeijua. *Umesamehewa* ni neno moja lenye herufi 11, lakini ndani yake mna anayeambiwa, jambo lililokwisha kutendeka, na kauli inayoonyesha kuwa si yeye aliyejitendea. Somo zima la neema limo katika neno moja. Msanifu akilipa neno hilo upana wote wa bango, kwa mstari mmoja, bila kulirundikia mapambo, atakuwa amehubiri.

5.2 Mahali pa kukata

Iwapo ni lazima neno likatwe, silabi za Kiswahili huwa wazi, nazo huonyesha njia. *Ame-fufuka* hukatwa mahali ambapo mpaka wa silabi na mpaka wa mofimu vinakutana, hivyo jicho halipotei. *Amef-ufuka* huvunja vyote viwili. Konsonanti zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja, kama *sh*, *ny* na *ng'*, hazitenganishwi kamwe.

Kanuni hii ni muhimu zaidi kwenye slaidi za nyimbo, kwa kuwa waumini huimba wanavyosoma. Kihusishi *-a* unganifu ni cha neno linalokifuata. Mstari unaoishia na *neema ya*, huku *Mungu* akisubiri kwenye slaidi inayofuata, huwafanya waimbaji wasite mahali ambapo wimbo hausiti. Mstari ufuate kirai, na slaidi ifuate ubeti.

5.3 Mwanzo unaofanana

Maneno mengi ya Kiswahili hufanana mwanzoni kwa sababu ya viambishi awali: *wanaoamini*, *wanaosifu*, *wanaoteseka*. Maana inayotofautisha imo katikati au mwishoni. Kwa hiyo msanifu anayefunika mwisho wa neno kwa picha, au kufifiza herufi za mwisho kwa kivuli, amefunika mzizi. Herufi za mapambo nazo zina hatari. Tofauti kati ya *Anaokoa* na *Anaokota* ni herufi moja. Tofauti kati ya *Anaponya* na *Anaponda* ni herufi moja pia, na kwenye bango la maombezi ya wagonjwa hiyo si tofauti ndogo. Mgonjwa anayepita barabarani ndani ya basi ana muda mfupi tu wa kusoma, asipewe fumbo.

6.0 Walimu wa nyumbani

Swali linalofuata ni wapi msanifu ajifunze. Makala haya yanapendekeza mifano miwili iliyopo karibu.

Wa kwanza ni kanga. Kanga ina sehemu tatu: *pindo* inayozunguka, *mji* ulio katikati, na *jina*, yaani maandishi. Jina huwa fupi, aghalabu kwa herufi kubwa, katika mstari mmoja, na lina mahali pake maalumu ambapo mapambo hayaliingilii. Mpangilio huu ulikuzwa pamoja na Kiswahili, na unayachukua maneno yake marefu bila shida kwa sababu ulipewa upana tangu mwanzo. Zaidi ya hayo, jina la kanga halielezi mchoro wa mji, na mji hauchori kile ambacho jina linasema. Viwili hivyo hupokezana, na mvaaji ndiye anayekamilisha maana kwa kuchagua siku ya kuivaa na mtu wa kupita mbele yake. Makanisa yanayochapisha kanga na vitenge vya sikukuu tayari yanatumia umbo hili. Linaweza kuhamishiwa kwenye bango na slaidi.

Wa pili ni uchoraji wa mjini wa Katanga. Katika miaka ya 1970, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yake katika takriban picha mia moja, na akazisimulia kwa Kiswahili cha huko katika mazungumzo na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye alizichapisha mwaka 1996. Wengi wa wachoraji wa aina hiyo huandika maneno juu ya picha zenyewe. Katika mchoro wake wa kifo cha Patrice Lumumba, Tshibumba aliweka misalaba mitatu kwa mbali. Hakuandika kwamba Lumumba ni kama Kristo. Misalaba ilitosha, kwa kuwa watazamaji wake waliijua Golgotha. Hapa ishara ya Kikristo imezungumza kwa sababu ilisimama juu ya ujuzi wa watazamaji, si juu ya ujuzi wa mchapishaji wa mbali.

Kwa mwanga huu, turudi mlangoni. Msanifu anayechora aya ile ya Ufunuo kwa ajili ya Waswahili anaweza kuuacha mlango wa Hunt. Achore ua, mchana, na mtu aliyesimama mahali mgeni anaposimama. Badala ya kunakili aya nzima kwa herufi ndogo, aandike neno moja kwa herufi kubwa: HODI. Picha hiyo haihitaji maelezo zaidi, kwa sababu Mswahili yeyote anayesoma neno hilo tayari ana jibu ulimini mwake. Neno limetia nanga, na mtazamaji amepokezwa zamu ya kusema. Aliye ndani ni yeye.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, kazi ianze na maneno. Ujumbe wa Kiswahili uandikwe na kukubaliwa kabla ya kiolezo kuchaguliwa, na kiolezo kipimwe kwa neno refu zaidi lililomo.

Pili, kila kazi ipitie jaribio la kufunika. Maneno yafunikwe, na watu wachache wa rika na elimu mbalimbali waulizwe wanaona nini. Kisha picha ifunikwe, na wengine waulizwe wanasoma nini. Majibu yakipingana, kazi irudi mezani. Jaribio hili halihitaji fedha wala mashine, bali unyenyekevu wa kusikiliza.

Tatu, maandishi yahakikiwe na mtu anayekijua Kiswahili, na ayaone yakiwa kwenye mchoro uliokamilika. Makosa ya kukata maneno na kufunika herufi hayaonekani katika rasimu iliyopigwa chapa.

Nne, picha za watu halisi zitumike kwa ridhaa yao na kwa heshima. Makanisa ya eneo letu huwahudumia wakimbizi, wagonjwa na yatima. Picha ya mtoto anayelia yaweza kuleta mchango, lakini mtoto huyo atakua, na siku moja ataiona. Neno *utu* liwe kipimo cha picha kama lilivyo kipimo cha tabia.

Tano, idara za Kiswahili katika vyuo vyetu, vikiwemo vyuo vya teolojia, zifundishe uhusiano wa neno na picha. Wanafunzi wetu wengi watafanya kazi katika uchapishaji, utangazaji na huduma za kanisa. Tunawafundisha kuchambua sitiari katika ushairi. Tuwafundishe pia kuisoma sitiari iliyobandikwa ukutani.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba picha katika mawasiliano ya kanisa si pambo. Husomwa kwanza, hukumbukwa mwisho, na hubeba utamaduni wa aliyeichora hata inapovikwa nguo za mwenyeji. Yameonyesha pia kwamba Kiswahili, kwa umbo lake ambishi na silabi zake wazi, kinadai mpangilio wake chenyewe, na kwamba mpangilio huo si wa kubuniwa upya kabisa: umo katika kanga zetu na katika kuta zetu.

Mwalimu wa shule ya Jumapili aliyetundika picha ya moyo alikuwa mtu mwema. Alitumia alichokuwa nacho. Laiti angekuwepo mtu wa kumuuliza swali moja kabla ya somo, "Kobe kwenu ni nani?", huenda angemtafuta mnyama mwingine, au angemleta bibi kanisani asimulie. Swali hilo ni la mwanaisimu. Ni wajibu wetu kuwepo mezani pale msanifu anapochora, ili liulizwe mapema, kabla picha haijachapishwa na haijaanza kuhubiri.